Mvua Isiyonyesha Jumamosi

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha walimu kimeanza saa mbili kasoro robo, chai haijachemka. Mkuu wa shule kaja na habari mbili. Ya kwanza, mkuu wa taaluma anastaafu mwisho wa muhula. Ya pili, mkaguzi anakuja Ijumaa kutazama kipindi cha mada mpya: namna ya kumfundisha mwanafunzi kupima habari za tabianchi, na kutambua gazeti au redio inayoegemea upande. Kisha mkuu akatazama dirishani na kusema kwamba mwalimu atakayeibeba mada hiyo vizuri atakumbukwa. Wote tunajua kwamba chumba cha mkuu wa taaluma kina mlango.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa nikifundisha jiografia hapa. Kiti changu hakina mkono wa kushoto. Meza yangu iko njiani kwenda kwenye birika, kwa hiyo kila mwenye kiu hunimwagia kidogo. Sitaki makuu. Nataka mlango wa kufunga.

Desimali akanyoosha mkono kabla yangu. Huyu ni mwalimu wa fizikia, kijana wa juzi tu, na jina tumempa sisi kwa sababu hawezi kutaja kitu bila nukta. Ukimuuliza foleni ya choo ina urefu gani atakuambia mita sita nukta nne. Akasema atatumia takwimu za mtandaoni, za vituo mia nne vya hali ya hewa. Mkuu akaitikia kwa kichwa mara tatu. Nilihesabu.

Nikaona naachwa kwenye mataa. Nikasimama, nikasema takwimu za mtandaoni kila mtu anazo, lakini shule hii ina daftari lake la mvua, la miaka kumi na moja, siku kwa siku, na wanafunzi watajifunza kutokana na kitu wanachoweza kukishika. Mkuu akasema vizuri sana. Desimali akakaa.

Sasa ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Kipimamvua kiko nyuma ya vyoo, ndani ya uzio. Chupa yake ya kupimia ilipasuka mwaka ule ule wa kwanza. Mdomoni mwake nyigu wamejenga nyumba ya matope, na sasa nadhani wamefikia kizazi cha vitukuu. Daftari nalijaza mezani kwangu nikifika asubuhi. Nachungulia nje. Ardhi ikiwa na unyevu naandika milimita nane. Madimbwi, ishirini. Mwalimu wa zamu akija na viatu mkononi, thelathini na tano. Huo si uongo. Huo ni uzoefu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepewa kidato cha tatu. Ndilo darasa la binti yangu.

Niandike na hili. Mke wangu ni muuguzi, na aliacha kuniamini mwaka ule wa mradi wangu wa sungura, uliokula akiba yetu na fedha za shule. Hagombi. Nikisema jambo anasema haya, kisha anakwenda kumuuliza jirani. Wenzangu kazini wananisikiliza kama watu wanavyosikiliza feni. Lakini binti yangu bado. Akiambiwa kitu popote hurudi kuniuliza mimi kama ni kweli. Nikisema ndiyo, anaandika. Juzi nilimsikia uani akimwambia mwenzake kwamba kama baba yake kasema, basi ndivyo. Nilisimama nyuma ya mlango na taulo begani mpaka wakaondoka. Sina kitu kingine cha namna hiyo duniani, na nikikipoteza sijui nitabaki na nini.

Leo nimejipanga. Nimekwenda stoo kuandikisha projekta kwa jina langu, kuanzia leo hadi Ijumaa, vipindi vyote. Siitaki. Sijui hata inavyowashwa. Nataka tu Desimali asiwe nayo.

Saa sita nikaenda kuchukua karatasi za manila za kuchorea grafu. Karani akaniambia zimekwisha. Desimali amezichukua zote asubuhi, arobaini na mbili. Kijana ana roho mbaya sana.

Jumatano, 6 Machi

Kipindi cha kwanza. Nimeandika ubaoni maswali matano niliyoyatoa kwenye kijitabu kilicholetwa pamoja na mada. Nani amesema? Amepima nini, kwa chombo gani? Kwa muda gani? Anafaidika na nini tukimwamini? Wengine waliopima wanasemaje?

Nikawaambia haya ndiyo maswali ya maisha. Nikawaambia siku moja ya baridi haifuti joto la miaka thelathini, na siku moja ya joto vilevile haithibitishi kitu. Nikawaambia gazeti likisema wataalamu wanasema, waulize wataalamu gani. Nilisema kwa sauti nzito kiasi. Hata nyuma waliamka.

Nimewagawa vikundi vitatu. Cha kwanza kinapima makala ya gazeti. Cha pili, video ya bwana mmoja mwenye miwani anayedai joto la dunia limetungwa na wauza feni. Cha tatu nimekipa daftari langu la mvua, lote, miaka kumi na moja. Wao nimewaambia wachore grafu tu. Kilichopimwa tayari hakihitaji kupimwa tena.

Binti yangu aliomba mwenyewe kikundi cha tatu. Alilibeba daftari kwa mikono miwili. Kwa kukosa manila wataunganisha karatasi za kawaida kwa gundi. Nilitoka darasani nikiwa na furaha, jambo ambalo kwa kawaida hunitia wasiwasi, na leo nimelipuuza.

Alhamisi, 7 Machi

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Kipindi kizuri kikionwa na mkaguzi peke yake kinabaki kwenye faili. Kikionwa na gazeti, mkuu hawezi tena kumpa Desimali ule mlango. Nimempigia simu mwandishi wa gazeti la wiki la hapa mjini, yule anayevaa kizibao chenye mifuko kumi na miwili. Aliniuliza kuna ugomvi wowote. Nikasema hapana, ni elimu. Akasema ana shughuli nyingi. Nikamwambia huenda yakatoka mambo mazito. Akasema atakuja.

Jioni binti yangu hakula vizuri. Alikuwa na daftari lake dogo kando ya sahani. Aliniuliza ni nani hasa hujaza lile daftari la mvua. Nikajua kikundi kinataka kutaja jina langu mbele ya mkaguzi, pengine na makofi, na mimi si mtu wa kujipigia debe. Nikasema ni kazi ya wengi. Akauliza kama kweli hupimwa kila siku. Nikasema kila siku. Akauliza hata Jumapili. Nikasema hata Jumapili, mwanangu, mvua haijui sikukuu.

Aliandika. Kisha akauliza tena, polepole, kama nina uhakika. Nikamwambia baba yako amewahi kukudanganya? Akasema hapana, baba. Mke wangu akainuka kuosha vyombo ingawa tulikuwa hatujamaliza kula.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Naandika kwa kuwa sina wa kumsimulia.

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye sauti ndogo, na wenye sauti ndogo ndio wabaya. Alikaa nyuma, mkuu kulia kwake, mwandishi kushoto akinyonya peremende. Desimali alijileta mwenyewe, akasimama mlangoni akisema amekuja kujifunza.

Kikundi cha kwanza kilikwenda vizuri. Walionyesha kwamba makala ya gazeti ilitumia picha ya ukame wa nchi nyingine kabisa. Kikundi cha pili walimchambua yule bwana wa video mpaka nikamwonea huruma. Walikuta mwenyewe anauza majiko ya mkaa. Mkaguzi akaandika. Mkuu akanitazama kwa jicho zuri, la kwanza tangu mwaka wa sungura.

Wakaja kikundi cha tatu. Wakabandika karatasi zao ukuta mzima. Msemaji wao binti yangu, sare imepigwa pasi.

Alisema waliambiwa wachore grafu tu, lakini wakaona si haki kuuliza maswali matano kwa watu wa mbali wakaacha kuyauliza nyumbani. Basi wakaliuliza daftari. Na wamekuta kwamba kwa miaka kumi na moja, shuleni hapa mvua haijawahi kunyesha Jumamosi. Wala Jumapili. Wala siku hata moja ya likizo. Shule ikifungwa, mvua inafunga. Shule ikifunguliwa, inafungua, mara nyingi siku hiyo hiyo.

Wanafunzi walicheka. Mkaguzi hakucheka.

Nilitaka kusema muda umekwisha, lakini saa ya ukutani ilikuwa usoni mwetu sote. Binti yangu akaendelea. Alisema kwanza walidhani labda mpimaji hafiki wikendi, jambo la kawaida, kila mtu hupumzika. Lakini kipimamvua si mtu. Hukusanya maji hata kama hakuna anayekitazama. Kwa hiyo maji ya Jumamosi na Jumapili yangekutwa ndani Jumatatu asubuhi, na Jumatatu ingeonekana ina mvua nyingi kuliko siku nyingine. Walikokotoa wastani. Jumatatu ni sawa na Jumanne, ni sawa na Jumatano. Ina maana hakuna aliyekifungua. Wakaenda kukitazama wenyewe. Wakakuta nyigu. Mmoja wao alionyesha kidole kilichovimba.

Akamalizia kwa kusema hii haina maana kwamba tabianchi haibadiliki. Vituo mia nne alivyowapa mwalimu wa fizikia vinaonyesha joto linapanda, na vimepimwa na watu wasiojuana. Ina maana tu kwamba daftari hili si shahidi wa jambo lolote, na aliyelijaza aulizwe. Alisema hivyo akinitazama mimi, kwa imani kabisa, kama mtu anayemletea baba yake mwizi aliyemkamata.

Mkaguzi akauliza kwa ile sauti ndogo ni nani aliyelijaza.

Nilikuwa na muda wa kumeza mate mara moja. Nikasema fundi wa maabara.

Jina lake halisi nililitaja pia, Mungu anisamehe. Fundi mwenyewe ni mzee mpole aliyestaafu. Sisi tulimwita Glavu, kwa kuwa hakuwahi kushika chupa bila glavu. Nikasema nilimwamini, nikasema nimeumia kama wao. Nilitoa leso. Mwandishi aliacha kunyonya peremende, akatoa kalamu mfuko wa saba.

Binti yangu alinipa pole mbele ya darasa zima.

Jumatatu, 11 Machi

Gazeti limetoka. Ukurasa wa tatu, herufi kubwa: WANAFUNZI WAFICHUA: MABADILIKO YA TABIANCHI NI UZUSHI. Chini yake, ndogo kidogo: Fundi mstaafu apika takwimu miaka kumi na moja. Picha yangu nikiwa na leso. Nimetoka vizuri, niseme kweli. Ninaonekana mtu mwenye uchungu na nchi yake.

Habari yote ina chanzo kimoja, nacho ni mimi. Vile vituo mia nne havimo. Maneno ya binti yangu yamekatwa katikati, yamebaki kwamba daftari si shahidi na tabianchi haibadiliki. Nilimpigia mwandishi. Akasema nafasi ilikuwa finyu. Nikamwambia mtoto alisema kinyume. Akaniuliza kama nataka aandike tena na kuchimba zaidi. Nikasema hapana, nafasi ni finyu kweli.

Mkuu wa shule kaniita. Kasema mkaguzi analitaka daftari lenyewe Jumatatu ijayo, ahakikishe. Mpaka hapo, cheo kinasubiri. Kasema yeye binafsi anaona jambo limekwisha, kwani mzee hayupo tena kazini na hakuna wa kuadhibiwa. Alisema hivyo huku akipanga klipu zake za karatasi kwa ukubwa. Nilimshukuru. Nilitoka nikijiona nimekwepa gari.

Jumanne, 12 Machi

Desimali kaingia darasani kwangu wakati nina kipindi kingine, kawapa wanafunzi lile gazeti wakalipime. Kwa yale maswali matano. Maswali yangu!

Nimeyaona mabaki ubaoni. Nani amesema? Mwalimu mmoja. Amepima nini? Hakuna. Anafaidika na nini tukimwamini? Hapo palikuwa na alama ya kuuliza, na mwandiko ulikuwa wa binti yangu. Nikafuta ubao haraka. Chaki imeniingia kwenye koo, nakohoa mpaka sasa.

Jioni binti yangu kaniuliza kama gazeti litasahihisha kichwa cha habari. Kasema shangazi yake kampigia kumpongeza kwa kuthibitisha kwamba joto ni porojo, na ameshindwa kujitetea. Kalia kidogo, kwa hasira. Nikamwambia magazeti ndivyo yalivyo, avumilie. Akauliza lakini baba, na la fundi je, gazeti nalo limekosea? Nikasema hilo wamelipata sawa.

Akafungua kadaftari kake. Kisha akauliza fundi alistaafu lini. Nikasema sikumbuki. Mke wangu, kutoka jikoni, akasema miaka mitatu iliyopita, si tulikwenda kumuaga, ukala sahani mbili.

Usingizi hauji. Daftari limejazwa mpaka Jumatano iliyopita. Kwa mwandiko ule ule.

Alhamisi, 14 Machi

Glavu amekuja.

Alifika wakati wa mapumziko, kwa miguu, gazeti limekunjwa kwapani. Amekonda. Walimu wote ghafla walikumbuka wana vipindi. Nikamkaribisha kiti changu kwa heshima, nikasahau habari ya mkono wa kushoto, mzee akaegemea na kuanguka. Nikamwinua. Alikuwa mwepesi sana. Akasema haidhuru mwanangu, ingawa ananizidi miaka kumi na tano tu.

Hakugomba. Ningependa angegomba. Alisema wajukuu zake wamemuuliza kama ni kweli alikuwa akidanganya shuleni. Alisema jirani yake hamsalimii vizuri. Alisema hana nguvu ya kwenda kwenye gazeti, na angekwenda wasingemsikiliza, kwa hiyo amekuja kwangu mimi niliyesema, ili niwaambie nilikosea. Neno alilotumia ni kukosea. Alinipa mlango wa kutokea, mzee wa watu. Alikumbusha pia kwamba mwaka ule wa kwanza alinipa habari za nyigu, akataka kunisaidia kuwatoa, nami nikasema nitashughulikia.

Nikasema nitashughulikia.

Akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru. Hapo ndipo nilipojisikia vibaya kwelikweli, kitu kizito kimenikaa kifuani mpaka sasa hivi, na chai haikipitishi.

Binti yangu alikuwa nje ya mlango wa ofisi. Sijui tangu saa ngapi. Alimsindikiza mpaka getini akimbebea mwamvuli. Niliwatazama dirishani. Walisimama pale robo saa nzima, mzee akieleza kitu kwa vidole, kama mtu anayehesabu miaka, mtoto akiandika. Nadhani alikuwa akimuuliza habari za afya.

Jumamosi, 16 Machi

Nimepata dawa.

Nimeliwaza hili siku mbili na sasa naliona wazi. Kosa halikuwa kulijaza daftari. Kosa lilikuwa kulijaza kivivu. Mkaguzi anataka daftari Jumatatu. Atalipata. Nimenunua jipya, la jalada lile lile la bluu, na nimeliacha juani na kulimwagia chai kidogo ili lizeeke. Nakopi upya miaka kumi na moja. Ile minane ya mwanzo, alipokuwepo Glavu, kwa mkono wa kushoto. Mitatu ya mwisho kwa mkono wangu wa kawaida, na hiyo itakuwa safi, haina doa, kuonyesha tofauti baada ya mimi kulipokea.

Na safari hii mvua inanyesha Jumamosi. Inanyesha Jumapili pia. Nimeweka na gharika moja katikati ya likizo ndefu. Sitaki mtu aseme sijifunzi.

Mkono wa kushoto unauma hadi begani. Mwaka wa kwanza umechukua saa tatu. Mke wangu amepita, ametazama wino, ametazama kalamu iko mkono gani, amesema haya, kisha ametoka kwenda kwa jirani.

Nimefikiria habari ya Glavu. Nikishakuwa mkuu wa taaluma nitamwandikia barua nzuri ya kumsafisha, kwenye karatasi yenye nembo. Barua ya mtu asiye na cheo ingemsaidia nini?

Jumapili, 17 Machi

Nimemaliza saa kumi jioni, bila kulala usiku. Limependeza. Ukilifungua popote unaona kazi ya mtu makini. Hata mimi karibu niliamini.

Kuna jambo moja dogo. Kikundi cha tatu walinakili tarakimu za zamani zote kabla ya kuchora grafu, na nakala anayo binti yangu. Nililiwaza hilo nusu saa. Kisha nikaona ni watoto tu. Ikifika mahali pa kuchagua kati ya daftari la shule na karatasi za gundi, mkaguzi ni mtu mzima, atachagua daftari.

Baadaye mtoto mwenyewe kaingia. Alikuja na kale kadaftari kake. Akasimama upande wa pili wa meza, hakukaa, akasema ana maswali, ni kwa ajili ya kazi ya darasa. Akauliza nani alisema fundi ndiye aliyejaza daftari. Nikasema mimi. Akauliza nililiona kwa macho yangu au nilisikia. Nikasema kwa macho. Akauliza kwa muda gani. Nikasema miaka yote. Hata ile mitatu ambayo hakuwepo? Nikasema alikuwa akija mara moja moja. Akauliza ninafaidika na nini nikiaminiwa. Nikacheka, nikasema sifaidiki na lolote, mzazi anafaidika na nini? Swali la tano hakuniuliza. Alisema hilo ameshawauliza wengine.

Aliandika kila jibu. Alilitazama daftari jipya mezani, lililokuwa bado linanukia chai, na mkono wangu wa kushoto wenye wino hadi kwenye kifundo. Kisha akanigeuzia kadaftari kake, akaomba niweke sahihi chini ya maelezo yangu, kwa kuwa chanzo kizuri hutiwa sahihi. Nikaweka. Nilivutiwa sana na utaratibu wake. Hakunitupia neno lolote gumu, hakulia, uso wake ulikuwa umetulia kama wa mkaguzi. Ameniamini. Kifua kimekuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Zaidi ya hapo, kuna kitu kimenigusa ambacho nataka nikiandike kabla sijakisahau. Tangu aanze kusema ameniita baba, na mtoto akikuita baba miaka kumi na sita anazoea, anakuchukulia kama kabati la nyumbani. Leo alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Asante kwa ushirikiano wako, Mwalimu." Na sasa hivi, kutoka sebuleni, sahani zikigongana, nimemsikia tena akiniambia, "Mwalimu, chakula tayari."

Nyumbani kwangu mwenyewe, ananiita Mwalimu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Heshima imerudi, na kesho ni Jumatatu.